Diski haifunguki baada ya kuweka mfumo wa pili, na jibu lenu ni "fomati" tu?

Wakuu, heshima mbele, ila leo nimekuja nimefura.

Nilimpa fundi kompyuta yangu ya kazi aniwekee Linux pembeni ya Windows. Imerudi, mifumo yote miwili inawaka, menyu ya kuchagua inatokea vizuri. Naingia Linux, diski ya kazi inagoma kufunguka. Narudi Windows, diski ya pili, ile ya picha, haimo kabisa kwenye orodha. Namrudia fundi, hata kiti hajakalia: "Hizi zimekufa, tupige fomati uanze upya." Mkono tayari uko kwenye kipanya. Nikauliza watu mtandaoni, wimbo ni uleule. Fomati mkuu, fomati kaka, fomati dada.

Yaani mtu ana kazi zake zote humo, wewe unamwambia afomati kama unamwambia apanguse vumbi!

Sasa sikilizeni. Ile diski ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows haizimi kikweli. Inahifadhi hali ya kiini chake kwenye faili la hiberfil.sys ili safari ijayo iwake haraka, na patisheni (vigawanyo vya diski) za NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, zinabaki kama bado zina mwenyewe. Kwenye mipangilio inaitwa Fast Startup. Linux ikifika inakuta ile alama, basi ama inakufungulia kwa kusoma tu ama inagoma moja kwa moja. Na iko sahihi kugoma! Ikilazimishwa kuandika humo, Windows ikiamka itakuta mambo yamebadilika nyuma ya mgongo wake, na hapo ndipo mafaili yanapoharibika kweli.

Kinachoniuma ni kwamba ujumbe uliotokea kwenye skrini ulisema yote hayo: Windows imelala, irudi ikazimwe kikamilifu. Umeandikwa pale! Fundi aliufunga bila kuusoma.

Nimerudi Windows, nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off, nikazima. Basi. Linux ikaifungua, hakuna faili lililopungua. Amri ya mstari mmoja, na mtu alitaka kunifutia kila kitu.

Na nyie mnaokimbilia ntfsfix, programu ya Linux ya kurekebisha NTFS, ile si chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows. Inarekebisha vitu vichache na kuipangia Windows ikague diski itakapowaka. Ukaguzi wenyewe ufanyieni Windows, kwa chkdsk /f.

Diski ya picha ndiyo ilinipandisha presha. Kwenye Usimamizi wa Diski ilionekana tupu, "haijagawanywa". Fundi wakati wa kuweka Linux aliikosea diski, akaitengenezea jedwali jipya la patisheni, kisha akaghairi na kwenda kwenye ile sahihi. Hakuniambia! Lakini jedwali la patisheni ni kama ukurasa wa yaliyomo tu, ukiuchana sura za kitabu bado zipo. Picha zilikuwa palepale zilipokuwa, ila hakuna aliyejua patisheni inaanzia wapi.

Kwanza sikuandika chochote kwenye diski ile. Niliinakili nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, kwenda diski nyingine kubwa zaidi, polepole, usiku kucha. Kisha nikaifungua nakala kwa TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier. Ina sura mbaya, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, lakini inajua kazi. Inapekua diski ikitafuta mianzo ya patisheni za zamani. Ilipoleta mstari wa NTFS nikabonyeza herufi P, na majina ya mafolda yangu yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Hiyo P msiiruke. Majina yakitokea sawa, ndipo unachagua Write. Yakitokea takataka, usiandike kitu, endelea kupekua.

Sasa waza ningekubali ile fomati. Kwenye diski ya kuzunguka, fomati ya haraka bado inakuachia matumaini. Kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, Windows ikifomati hutuma amri ya TRIM, ya kuiambia diski vipande gani havitumiki tena, na diski yenyewe inafuta vile vipande kwa ndani. Hapo hata uwe na programu ya namna gani, utabaki kuangalia sifuri. Kwa hiyo mtu anayekwambia "fomati, halafu tutarudisha data" hajui anachokisema.

Windows nayo ina lawama zake. Ukichomeka diski ya nje yenye ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux ambao Windows haiujui, inaweza kukuletea kile kisanduku cha kukuambia uifomati kwanza ndipo uitumie. Diski isiyo na tatizo lolote! Bonyeza Ghairi, nenda kaifungulie Linux.

Halafu kuna BitLocker, kufuli la Windows linalofanya data ya diski isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi mpya zinafunga diski hivyo tangu siku ya kwanza, na mwenyewe hana habari. Mnamwelekeza mtu aingie kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya mfumo kuwaka) azime Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, kesho yake Windows inamdai ufunguo wa tarakimu 48 asiojua kama upo. Ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti yake ya Microsoft; mwambieni autafute na kuuandika pembeni kabla hajagusa BIOS. Bila huo hakuna TestDisk wala fundi atakayemsaidia. Mbona hili mnalirukaga kwenye maelekezo yenu ya "hatua rahisi"?

Aliyekwama na diski iliyogoma, asiguse kitu. Aweke hapa chini matokeo ya lsblk -f, amri ya kuorodhesha diski na patisheni, kutoka Linux na picha ya Usimamizi wa Diski kutoka Windows, aseme ni SSD au ya kuzunguka, na ujumbe wa kosa auandike neno kwa neno. Tutaangalia pamoja. Mwenye jibu la "fomati" apite tu, uzi huu haumhusu.