Elektrodi za polima na oksaidi: pesa ya utafiti iendelee au tubaki na kaboni?

Mpangaji: Wadau tujadili hili bila kununiana. Supakapasita (vifaa vya kutunza umeme vinavyochaji haraka kuliko betri) za sokoni karibu zote elektrodi zake (sehemu mbili zinazobeba chaji) ni za kaboni, zinavumilia kuchajiwa mara laki tano hadi milioni lakini nishati ni kama wati-saa (Wh) 5 mpaka 10 tu kwa kilo, betri ya lithiamu inapita 150. Kuna hawa wanaochanganya polima (aina ya plastiki) inayopitisha umeme, mfano polianilini, na oksaidi ya manganizi, faradi kwa gramu (chaji inayotunzwa kwa kila volti) zinapanda mno. Mi nasema pesa iendelee kwenda huko.

KaboniTu: Isimame. Miaka yote kila mtu ana elektrodi bora kuliko ya mwenzake, sokoni hamna kitu. Mnapika namba.

DadaKemia: Mnapika?? Nimekesha maabara nikiangalia filamu ya polianilini inatoka kijani inaenda buluu, baada ya mizunguko elfu moja ya kuchaji ganda limebanduka, vipande vinaelea kwenye bika. Polima inavimba ioni (chembe zenye chaji) zikiingia, zikitoka inanywea, mwisho inapasuka. Ndo maana tunatia oksaidi iishikilie, na oksaidi nayo haipitishi umeme vizuri kwa hiyo polima inaisaidia. Huko ndo kupika?

Chaji_Kamili: Samahani, polianilini si inataka asidi ndo ifanye kazi, na oksaidi ya manganizi ikikaa kwenye asidi inaanza kuyeyuka? Mnatumia elektroliti (kimiminika chenye ioni) gani?

KaboniTu: Dada sijakutaja wewe, ila mtu anapaka filamu haifiki miligramu moja kwa sentimita ya mraba, anagawa faradi kwa kauzito hako, namba inaruka. Elektrodi ya kiwandani ni kama miligramu 10. Watafiti Gogotsi na Simon walishalisema kwenye jarida la Science 2011. Tena anapima elektrodi moja peke yake, ukiunganisha mbili zinazofanana ukagawa kwa uzito wa zote unabaki na robo ya hiyo namba. Na wengine wala sio kapasita, ni betri mmezibadilisha jina.

Nikeli28: Hapo kwenye betri unamsema nani? Oksaidi ya nikeli?

KaboniTu: Hiyohiyo. Chora mkondo kwa volti, oksaidi za rutheniamu na manganizi zinakupa umbo karibu la mstatili, nikeli inakupa vilele viwili vimesimama. Betri hiyo! Watafiti Brousse na wenzake waliliandika wazi 2015, isipewe faradi.

Nikeli28: Kwa hiyo kazi yangu ya miaka mitatu inafutwa na jina? Kama inachaji haraka na haichoki, iiteni mnavyotaka.

KaboniTu: Jina linabeba kipimo ndugu yangu. Faradi moja maana yake chaji inapanda sawasawa na volti, yako haipandi hivyo.

Mpangaji: Jamani swali ni pesa.

DadaKemia: Pesa badae, kwanza afute hilo neno la kupika namba. Halafu Chaji_Kamili nisamehe nilikupita. Ni kweli kabisa, kwenye asidi manganizi inaniondokea, kwenye sodiamu salfeti isiyo na asidi polianilini inalala. Nimehamia polima nyingine, polipiroli, yenyewe inafanya kazi bila asidi.

KaboniTu: Neno nimelifuta. Hiyo polipiroli umeipima kwa miligramu 10?

DadaKemia: Miligramu 2. Ikizidi hapo inapasuka ikikauka.

KaboniTu: Basi pesa iende hapo, kwenye huo mpasuko.