Pikipiki ya Uani: Gumzo la Kikundi cha Familia

Swaleh: Assalaam alaykum, jamaa zangu. Naomba radhi kwa harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi, iliyowafikia hadi ghorofani. Masika yamenifungia uani, nami nimeona nisipoteze siku bure, niimalize ile Honda CG125 ya marehemu Babu. Fremu nimeikata nyuma na kuichomelea bomba la nusu duara, na kiti sasa ni cha mtu mmoja. Jana magharibi nililipuliza tangi rangi nyeusi, na alfajiri nimelikuta limefanya weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Mjomba Kibokoni: Wa alaykum salaam, mwanangu. Rangi haina kosa, wala mwenye duka hakukudhulumu. Thina inaporuka upesi hulipoza bati, na kwa kuwa hewa yetu msimu huu imejaa maji, umande hutua juu ya rangi kabla haijakauka, ukanaswa humo humo. Nilikwambia uimalize kazi hii wakati wa kaskazi, ukaniona mzee.

Faraj (Toronto): Mjomba asema kweli. Mimi yangu niliipaka Januari, theluji ikiwa magotini, lakini gereji nilikuwa nimeipasha moto tangu asubuhi, nikauzima moto ndipo nikapuliza, na hewa ya ndani siku za baridi huwa kavu hata midomo hupasuka. Swaleh, ulitumia thina gani?

Swaleh: Ile ya kawaida, ya bei rahisi.

Mjomba Kibokoni: Basi usiikwangue bado. Jua likitoka, baina ya saa nne na saa nane, pulizia juu yake thina inayokauka polepole, tena nyembamba kama ukungu, maana mara nyingi weupe huyeyuka na maji yakapata njia ya kutoka. Weupe ukikataa kutoka, shika msasa wa maji uanze upya.

Nyanya: Mimi nauliza habari ya kuchomelea. Nilizisikia zile cheche. Tangi lilikuwa wapi?

Swaleh: Nilikuwa nimeshaliondoa, Nyanya, na betri nimeitenga. Lilikuwa na kutu ndani, nikalijaza siki siku mbili, nikatia kipande cha mnyororo na kulitikisa hadi mikono ikafa ganzi, kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi.

Nyanya: Kumbe ndiko ilikokwenda siki yangu ya achari.

Faraj (Toronto): Pichani naona umetoa boksi la chujio la hewa. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ile ile, injini itachemka na plagi itakuwa nyeupe badala ya kahawia, kwa hiyo ongeza jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, hatua kwa hatua. Injini yenyewe usiifungue. Muundo huo wa mwaka 1976, ambao vali zake husukumwa kwa vijiti, ulikusudiwa kuvumilia watu wanaosahau kubadilisha oili, na Babu alikuwa mmoja wao.

Shangazi: Kitabu cha usajili kinasema ni nyekundu. Wapelekee NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, habari za rangi mpya kabla hujakanyaga barabara ya Nyali.

Swaleh: Nitafanya hivyo, Shangazi. Mjomba, jua limechungulia sasa hivi, nakwenda kutafuta hiyo thina.

Nyanya: Kwanza kaanue kanga zangu kwenye kamba, ndipo upulize chochote.