Ushauri: Sonara wa oda Mbeya, nichukue fremu Mwanjelwa au nibaki na WhatsApp na Instagram?

Fundi_Pete
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, natengeneza pete, cheni na hereni za oda. Mteja anakuja na wazo lake, tunachora, tunakubaliana, naingia kazini. Kuna fremu imepatikana Mwanjelwa, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi na ameniachia mpaka Ijumaa. Kwa sasa nafanyia kazi nyumbani, wateja wananipata WhatsApp. Mdogo wangu anasema niachane na fremu, nifungue ukurasa Instagram, hela ya kodi ninunulie dhahabu. Mke wangu anataka fremu. Mngekuwa nyie mngechukua lipi?

Kabwe_Kwetu
Oda ngapi kwa mwezi? Kodi kiasi gani? Dhahabu ni yako au mteja anakuja nayo? Watu mnaomba ushauri huku nusu ya habari mmeikalia.

MamaBiashara_Forest
Na wateja ni wa wapi? Kama ni wa Tunduma na Makambako, hiyo fremu wataiona lini?

Fundi_Pete
Samahani wakuu. Oda zinapanda na kushuka. Msimu wa harusi nalala saa nane, Kwaresima ikiingia nakaa naangalia mpira. Nyingi ni pete za ndoa. Nusu ya wateja ni wa hapa mjini, waliobaki Vwawa, Tukuyu na Njombe. Dhahabu inategemea, wengine wanaleta vya bibi tuyeyushe. Kodi naomba nisiitaje, mwenye nyumba anaweza kuwa humu humu.

Kabwe_Kwetu
😂😂 Basi ujue ameshasoma.

MamaBiashara_Forest
Mimi nauza vitenge, ila shida ya wateja ni ile ile. Weka WhatsApp Business kwenye laini ya peke yake. Ni bure, ina katalogi, na kila mteja unambandika lebo: huyu ametoa advansi, huyu bado kipimo, huyu anakuja kuchukua Jumamosi. Siku hizi sikosei nani ananidai nini. Halafu shemeji hatauliza nani anakutumia picha za vidole saa tano usiku. Instagram ni ya kuonyesha kazi tu, oda usichukulie kule. Ujumbe unazama, mtu anakuandikia "bei?" halafu humwoni tena.

Mzee_Chunya
Chukua fremu kijana. Nani atampa mtu asiyemjua mkufu wa marehemu mama yake akauyeyushe, eti kwa sababu picha zake zinang'aa? Mteja wa dhahabu anataka kuona mlango, kufuli na mzani. Huo mzani uelekeze kwake, asome mwenyewe kabla hujayeyusha na baada ya kumaliza. Jambo la pili hujaligusa: leseni. Ya biashara kutoka Jiji ni moja, ila ukianza kununua dhahabu ghafi kwa wachimbaji unahitaji leseni ya madini, hiyo inatoka Tume ya Madini. Nunua sokoni ukiwa na makaratasi. Masoko ya madini yapo tangu 2019, hakuna sababu ya kununua vichochoroni.

Fundi_Pete
Shikamoo mzee. Leseni nimekusikia.

Mzee_Chunya
Marahaba. Kusikia tu haitoshi.

BibiHarusi_Iringa
Ngoja niongee kama mteja, maana mafundi huwa mnajisikiliza wenyewe.

Pete zetu za ndoa tulimpa sonara mmoja, mji siutaji. Tulimpata Instagram, kazi nzuri kweli kwenye picha. Hatukuwahi kuonana. Kipimo akasema nizungushe uzi kidoleni, nikate, niupime kwa rula nimtumie namba. Nikafanya hivyo asubuhi, mwezi wa saba, Iringa. Mnajua baridi ya huku, vidole vinasinyaa. Jina la mwenzangu, Lusajo, lichongwe ndani ya pete yangu. Nilimtumia kwa sauti nikiwa ndani ya daladala. Akajibu kidole gumba, basi.

Wiki mbili alama za bluu tu, jibu hakuna. Nikipiga, "usijali dada, ipo kwenye kung'arishwa". Pete zikaja na basi, ndani ya bahasha ya kaki iliyobandikwa selotepu, siku mbili kabla ya harusi. Yangu ilikwama kwenye kifundo. Na ndani imechongwa LUSANJO. Mama mkwe akaisogeza dirishani, akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Huyu Lusanjo ndiye nani?"

Ikarudi na basi. Akafuta maandishi kwa kuisaga ndani, na hapo hapo kipimo cha kidole kikapatikana kwa kuikondesha. Tulilipia gramu 5, tukaipima kwa sonara mwingine tukakuta 4.4. Nilipouliza gramu zimeenda wapi, akasema ni vumbi la tupa. Hilo vumbi si langu? Akanifungia.

Kwa hiyo usiniambie fremu au Instagram. Huyo hata ungempa ghorofa nzima Uhindini angefanya yale yale.

Kabwe_Kwetu
"Huyu Lusanjo ndiye nani" 💀 Pole dada lakini nimecheka.

Sonara_Sokomatola
Pole dada. Mimi ni wa fani, niseme mawili. Uzi unavutika. Saizi moja kwenda nyingine ni kama milimita 2.5 tu za mzunguko, kwa hiyo ukilegea kidogo umeshakosea saizi nzima. Nina mkufu wa pete za kupimia. Mteja wa mbali namtumia kwa basi anaweka dhamana. Anapima jioni mwili ukiwa na joto, na kama pete ni pana naongeza kidogo maana pana hubana zaidi. La pili, vumbi la tupa ni dhahabu, linakusanywa kwenye ngozi chini ya meza. Fundi na mteja wakubaliane mapema litakuwa la nani.

Uyole_Digital
Tatizo ni voisi. Mimi ningezipiga marufuku, mteja aandike.

MamaBiashara_Forest
Utafukuza nusu ya wateja. Mama zetu wa Tukuyu hawana muda wa kuandika, wanakuelezea mpaka hali ya migomba. Sikiliza yote, kisha wewe ndiye uandike: karati (usafi wa dhahabu), uzito, kipimo, jina herufi kwa herufi, bei, advansi, siku ya kuchukua. Mwambie ajibu NDIYO. Hajajibu, usiwashe moto.

Fundi_Pete
Hii ya NDIYO naanza nayo kesho. Ndaga fijo, asante sana.

Uyole_Digital
Na karati unawaambia ukweli? Wengi wanauziwa 18 wakidhani ni 21.

Sonara_Sokomatola
Gonga muhuri ndani: 750 ni karati 18, 875 ni 21. Kwa pete ya kila siku mimi nashauri 18, ni ngumu zaidi.

Mzee_Chunya
Karati 18 robo yake ni shaba na fedha. Binti yangu haolewi kwa shaba.

Sonara_Sokomatola
Mzee, 21 ina rangi tamu lakini ni laini. Mtu anayelima viazi na kubeba ndoo, mwaka mmoja pete imekuwa yai. Na 24 ndiyo kabisa, utaipinda kwa vidole.

Mzee_Chunya
Anayelima anaivua.

BibiHarusi_Iringa
Akiivua shambani ataipata tena?

Kabwe_Kwetu
Fundi, Ijumaa ndiyo kesho kutwa, umeamua nini?

Fundi_Pete
Bado mkuu. Nimemuomba mwenye nyumba apokee miezi mitatu, hajajibu.

Tunduma_Border
Wakuu msaada nje ya mada. Nina pete ya tungsteni nilinunua mtandaoni, kidole kimevimba haitoki. Sonara anaweza kuipanua?

Sonara_Sokomatola
Tungsteni haipanuki wala haikatwi kirahisi kama dhahabu, inavunjwa kwa koleo ya kubana. Usivute. Kama kidole kimeanza kufa ganzi au kubadilika rangi nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kesho.

Tunduma_Border
Ni zawadi ya mchumba jamani.