Mjadala: Vitabu vya Narnia, tuwape watoto wetu au basi?

Kuna wazazi wenzangu, waliokua na vitabu hivi kama mimi, wanaosema hawatawapa watoto wao. Wengine wanasema tunakuza mambo, hadithi ni hadithi. Naweka msimamo wangu hapa, anayeupinga aupinge.

Kwa asiyevijua: ni vitabu saba vya C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Katika kile cha kwanza kutoka, watoto wanne wa Kiingereza wanapita ndani ya kabati la nguo na kutokea Narnia, nchi ya theluji iliyotekwa na mchawi, ambako wanyama husema na simba Aslan ndiye mkuu wa wote. Nilivipenda mno. Theluji sikuwahi kuiona, lakini yule Tumnus, nusu mtu nusu mbuzi, anatembea msituni na mwavuli wake na vifurushi mkononi, nilimjua kama jirani yangu.

Wanaolalamika wengi hulalamikia dini: kwamba Aslan anayeuawa akafufuka ni Kristo, na mtoto anahubiriwa bila kujua. Hilo halinisumbui hata kidogo. Hadithi ngapi za kwetu zimebeba dini, nasi tulizisikiliza tukabaki na akili zetu? Kinachonikereketa ni watu wa Calormen.

Calormen iko kusini, ng'ambo ya jangwa. Watu wake ni weusi wa sura, wanavaa vilemba, wana panga zilizopinda, hawamtaji mfalme wao bila kumwombea aishi milele, na mazungumzo yao yamejaa methali na maneno ya washairi. Mtu wa pwani akisoma hayo atamwona nani? Mimi nawaona wazee wa baraza za kwetu, na kitabu kinanitaka niwachukie.

Fungueni The Horse and His Boy, cha 1954, kurasa za mwanzo kabisa. Bwana mkubwa wa Calormen amefika kibandani kwa mvuvi, anataka kumnunua kijana Shasta. Mvuvi anadai ni mwanawe. Yule bwana anamkatalia: shavu lako ni jeusi kama langu, na huyu ni mweupe kama wale washenzi wa kaskazini, waliolaaniwa lakini wazuri. Angalieni maneno hayo yametiwa kinywani mwa nani. Mweusi mwenyewe ndiye anayekiri kwamba uzuri uko kwa wale weupe. Msiniambie mtoto haoni. Mtoto hasemi tu. Anameza, na siku nyingine anajitazama kwenye kioo.

"Lakini Lewis alikuwa mtu wa zama zake." Sikubali, na ushahidi nautoa kwake mwenyewe. Ndani ya kitabu hicho hicho anatueleza kwamba Calormen watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama wa Uingereza wanavyofundishwa insha, ila hadithi watu hutaka kuzisikia, na insha hajapata kusikia mtu anayetaka kuzisoma. Aravis, binti wa Calormen anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, ana ujasiri kuliko wengi wa Narnia. Na katika The Last Battle, cha mwisho, askari Emeth, aliyemwabudu mungu Tash maisha yake yote kwa moyo safi, anapokelewa na Aslan na kuambiwa wema wake wote umehesabiwa. Kwa hiyo alikuwa na macho ya kuona. Ndiyo maana namdai zaidi, na ndiyo maana sitaki vitupwe.

Halafu kuna Susan, mmoja wa wale watoto wanne wa kabatini, aliyewahi kuwa malkia wa Narnia. Katika kitabu cha mwisho anaachwa nje ya mwisho wa hadithi kwa sababu, wanavyosema wenzake, siku hizi hajali ila soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko. Philip Pullman, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, alilishambulia hilo hadharani mwaka 1998, na hapo niko naye. Kinachoniuma zaidi ni kingine: ndugu zake watatu wamekufa kwenye ajali ya treni, na wazazi wao walikuwa treni hiyo hiyo. Msichana amebaki peke yake duniani na msiba wa nyumba nzima, na kitabu hakina hata neno la pole kwake. Baadaye Lewis alimwandikia mtoto mmoja kwamba Susan bado ana muda wa kujirekebisha. Ajirekebishe nini, jamani? Amefiwa!

Msimamo wangu basi: wapewe, lakini tuwasomee wenyewe kwa sauti, bila kuruka ukurasa, na pale kwa mvuvi tusimame tuulizane. Cha mwisho kisubiri mpaka mtoto aweze kubishana nacho. Siungi mkono kuvikata vipande vibaya, maana mtoto atakutana na maneno hayo hayo kwingine, akiwa hana mtu pembeni.

Nataka kuwasikia hasa mliokwisha kuvisoma na binti zenu. Mlipofika kwa Susan waliuliza nini, na mliwajibuje?