Centre za Kiingereza hapa Lubumbashi: tunalipa pesa ili tufundishwe "mother-in-laws"?

Wandugu, mnisamehe kwa ukali, lakini leo nimefika mwisho.

Kopi yangu ya mtihani imerudi imejaa wino mwekundu. Niliandika "mothers-in-law", imekatwa, juu yake mwalimu kaandika "mother-in-laws". Niliandika "passers-by", imekatwa, kaandika "passer-bys". Swali zima la wingi wa majina ambatani: sifuri. Nikaenda kumwona kwa heshima zote, Prof, samahani, tufungue kamusi pamoja. Hakuifungua. Akanionyesha karatasi ya majibu: "Kiingereza kinaongeza S mwishoni, basi."

Basi? Kwa minerval ile, ada ya masomo, tunayolipa?

Mimi Kiingereza sikukianzia kwenye benchi lake. Shule ya msingi nimesoma nikiishi kwa shangazi yangu Kitwe, huko Zambia. Hapa nimekuja kutafuta cheti, kwa sababu kampuni ya mgodi ninayoomba kazi inakitaka kwenye dosye. Sasa wale wenzangu wanaoanza sifuri wanabeba nini kichwani?

Kanuni yenyewe si uchawi. Jiulize ni nani au ni kitu gani kimekuwa vingi, S ikae hapo. Katika "mother-in-law" walioongezeka ni akina mama, sheria ni ileile moja. Katika "runner-up" ni wakimbiaji, basi "runners-up". Sisi wenyewe tunasema mpita njia, wapita njia. Sijawahi kumsikia mtoto wa Katuba hapa mjini akisema "mpita manjia"! Na Kifaransa tulichokaririshwa shuleni kinasema "arcs-en-ciel", S iko kwenye upinde, mbingu haiguswi. Mkongomani ndiye alipaswa kulielewa hili haraka kuliko wote.

Nadhani najua Prof alipotelea wapi. Umiliki ndio unaokaa mwishoni: nyumba ya mama mkwe ni "mother-in-law's house". Ameiona ile S nyuma ya "law", akadhani ndiyo wingi. Wakiwa wengi na wana nyumba yao, inakuwa "mothers-in-law's house", S mbili, kila moja na kazi yake. Hili kwenye silabasi yetu halimo kabisa.

Halafu kuna majina ya vyeo, ambayo yangefundishwa vizuri yangekuwa somo tamu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilitawala mahakama za kule kwa muda mrefu. Ndiyo maana "attorney general" na "notary public" zimeweka sifa nyuma ya jina, kama tunavyofanya kwa Kifaransa. "General" hapo si jenerali, ni sifa tu. Kwa hiyo wingi wake ni "attorneys general" na "notaries public". Lakini "major general" ni jenerali kweli, na wingi wake ni "major generals". "Sergeant major" naye ni sajenti, kwa hiyo "sergeants major". Jeshi ni lilelile, neno "major" ni lilelile, S inahama. Ukikariri "mwishoni, basi", hapa umekwisha.

Kuna mahali S inakaa mwishoni kwa haki, sikatai. "Grown-ups", "forget-me-nots", "breakdowns": ndani yake hamna jina la kubeba wingi. Angalia "passer-by" na "standby", zote zinaishia na "by". "Passer" ni mtu, anapata S yake. "Stand" ni kitenzi, hakiwezi, kwa hiyo "standbys". Vijiko vilivyojaa sukari ni "spoonfuls", kwa kuwa tunahesabu kipimo, hata kama kijiko ni kimoja kinachochota mara tano. Na daktari mwanamke akipata mwenzake, maneno yote mawili yanabadilika: "women doctors". Ila simba wala watu ni "man-eaters", kwa sababu "man" hapo ndiye chakula.

EDIT: Kuna yaya (mkubwa wangu, si mlezi wa watoto) ameniandikia hapo chini kwamba lugha inabadilika, nimwache Prof wa watu. Yaya, kwa heshima: kamusi zinakubali "court-martials" kando ya "courts martial", na "attorney generals" nayo imo. Angenikata hapo tungebishana kwa usawa. "Passer-bys" aniletee kamusi yoyote inayoipa kama jibu sahihi, kisha aikate "passers-by". Mimi sijaadhibiwa kwa kukosea, nimeadhibiwa kwa kupatia.

EDIT 2: Centre siitaji, msiniulize inbox. Waliofanya mtihani huu wanajijua.

Hao ndio nawaomba kitu: msizitupe kopi zenu. Jumatatu asubuhi tukutane getini tumpelekee mkurugenzi, na kamusi naibeba mimi. Hatutaki kurudishiwa pesa. Tunataka karatasi ya majibu irekebishwe na pointi zihesabiwe upya kabla vyeti havijachapwa.