Mrusha muvi alazimike kuuliza umri wa mtoto kabla ya kumjazia anime?

Mleta mada: Wakuu, mwangaluka. Hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Buzuruga, mtoto akija na flashi na buku mbili anajaziwa anime, yaani katuni za Kijapani, yoyote aliyoisikia kwa wenzake. Naona mrusha muvi, huyo anayejaza flashi, alazimike kuuliza umri. Na wanaojua watusaidie: wa miaka 7 anafaa zipi?

Mama Wawili: Alazimike. Kuchorwa si kuwa ya watoto. Studio Ghibli ya Japani ilitoa My Neighbor Totoro na Grave of the Fireflies mwaka mmoja, nadhani 1988. Ya kwanza ni dada wawili na dude la msituni, haina adui hata mmoja. Ya pili ni kaka na mdogo wake wanaokufa kwa njaa wakati wa vita. Ukisema "niwekee za Ghibli" unawekewa zote mbili. Hao vijana wanaangalia buku yako tu.

Flashi Safi: Si mwaka mmoja tu, ni siku moja: 16 Aprili 1988, zilionyeshwa pamoja. Ila hilo la "buku yako tu" silipokei. Mzazi anaweka flashi mezani, anasema "jaza katuni", anakwenda zake Mwaloni kununua dagaa. Umri hajataja. Sisi warusha muvi tuuote?

Mchuuzi wa Mwaloni: Dagaa wameingiaje hapa? Akina mama wa Mwaloni wako sokoni kabla jua halijatoka ili huyo mtoto ale. Na kwa taarifa yako, dagaa walioanikwa mchangani na wa kwenye chanja, mgeni hawezi kuwatofautisha. Muuzaji muungwana hangoji kuulizwa, anakwambia. Wewe unayejua kilichomo kwenye faili unangoja nini?

Mama Wawili: Umemaliza, mama.

Flashi Safi: Sijamtukana mama yeyote. Nimesema mteja aseme umri.

Kirumba Juu: Umri peke yake hausaidii kama anayeuliza anategemea neno "shonen". Hilo linataja walengwa wa jarida, vijana wa kiume wa kama miaka 12 hadi 18, wala si kipimo cha usalama. Attack on Titan ilitoka kwenye jarida la shonen, na sehemu ya kwanza kabisa mama analiwa na jitu mwanawe akitazama. Naruto ya mwanzo, sehemu 220, mtoto wa miaka 10 au 11 anaimudu mkubwa akiwa karibu, maana kuanzia ya 6 hadi ya 19 kuna mapigano yanayoishia kwa vifo viwili vya kuumiza. Wa miaka 7 bado.

Baba Igoma: Kwani kuangalia dakika tano za mwanzo hakutoshi?

Kirumba Juu: Hakutoshi, kaka. Madoka Magica ya 2011 inaanza na wasichana wa shule, rangi tamu, kidude cheupe kinachoongea. Sehemu ya 3 msichana anakatwa kichwa. Made in Abyss nayo wahusika wana sura za watoto wadogo, ila mateso yake ni ya watu wazima. Tazama ya 1, ya 3 na ya mwisho wa msimu. Ni kama saa moja na dakika kumi hivi.

Mchuuzi wa Mwaloni: Saa moja na dakika kumi ataitoa wapi mtu anayerudi na giza? Ndiyo maana nasema anayeuza aseme.

Baba Igoma: Basi tuzifute zote, watoto wasome.

Mama Wawili: Kufuta hakujibu swali. Kwa miaka 7 wapo Doraemon, Totoro na Ponyo. Hizo mbili za mwisho picha zinabeba hadithi, hata asiyejua Kiingereza anafuata. Maandishi ya chini yanapita haraka kuliko msomaji wa darasa la pili.

Flashi Safi: Sasa tunaongea. Na kosa kubwa haliko kwenye kuchagua, liko kwenye kuchanganya. TV nyingi zikimaliza faili zinaruka zenyewe kwenye linalofuata kwa herufi. Doraemon ikiisha inakuja Dragon Ball, halafu Elfen Lied, ambayo inafungua kwa watu kukatwa viungo na msichana aliye uchi. Folda tofauti haiaminiki, TV nyingine zinavuka folda. Mtoto awe na flashi yake, GB 16. Faili la dakika 24 kwa ubora wa picha wa 480 ni kama MB 100, zinaingia karibu 140. Ziwe mp4 za H.264, ndiyo namna ya kubana video inayosomwa na TV nyingi. Zile za H.265 kwenye TV za zamani zinatoa sauti bila picha, mtoto anaanza kubonyezabonyeza hadi anafika asikotakiwa.

Baba Igoma: Na iliyojaa tayari?

Flashi Safi: Ifomatiwe, yaani ifutwe yote kwa mpigo. Ukifuta faili mojamoja utaruka moja tu, na ndiyo atakayoiona. Hamishia kwanza picha za familia kama zimo.

Mleta mada: Na la kulazimishwa kuuliza umri, mbona limeachwa?

Flashi Safi: Nitauliza. Kulazimishwa sitaki.

Mchuuzi wa Mwaloni: Na lile neno "anakwenda zake" bado hujalifuta.