Filamu za farasi waliodharauliwa: ipi inamfaa mfuatiliaji wa mbio?

Kwato_Nne: Wakuu salaam. Tunataka kukaa marafiki wanne, wote wapenzi wa mbio za farasi. Tumebaki na filamu tatu: Seabiscuit (2003), Ride Like a Girl (2019) na Dream Horse (2020). Matokeo ya zote tunayajua. Ipi itatushika hata hivyo?

Bint Zamzam: Seabiscuit. Pambano lake na farasi bingwa War Admiral kwenye uwanja wa Pimlico, Marekani, Novemba 1938, linatosha. War Admiral alizoea kuongoza tangu mwanzo, kwa hiyo mkufunzi Tom Smith akamfundisha Seabiscuit kuchomoka kengele ikilia tu. Halafu katikati ya mbio joki (mpanda farasi) George Woolf anampunguza mwendo kwa makusudi, mpinzani amfikie, farasi watazamane jicho kwa jicho, ndipo anamwachia. Ushindi wa urefu wa farasi wanne! Mgeni wa mbio atadhani farasi kachoka. Sisi tunaijua hiyo mbinu, na moyo unadunda vilevile. Woolf mwenyewe kaigizwa na Gary Stevens, joki wa kweli aliyeshinda mbio kubwa za Kentucky Derby mara tatu. Mtazameni mikono yake ilivyotulia kwenye hatamu.

Mzee wa Hatamu: Umenena, binti yangu. Lakini mmiliki wa Seabiscuit, Charles Howard, alikuwa tajiri. Mnyonge wa kweli ni Prince of Penzance, farasi wa Ride Like a Girl: kwenye Melbourne Cup ya 2015 kule Australia alipewa 100 kwa 1 (dau la 1 lingelipa 100), na joki wake Michelle Payne akawa mwanamke wa kwanza kuishinda. Kaka yake Stevie, mwenye hali ya Down, alikuwa mhudumu wa farasi huyo na ndiye aliyemchotea kwa kura lango la kuanzia namba 1. Kwenye filamu kajiigiza mwenyewe. Na lango hilo si zawadi tupu: kwa mita 3200 unaokoa umbali, ila wakikufungia kwenye uzio wa ndani huna pa kutokea.

Bint Zamzam: Mzee wangu, utajiri wa bwana Howard haukumpa Red Pollard jicho la pili. Huyo ndiye joki wa kawaida wa Seabiscuit, hakuona upande mmoja, na farasi mwenyewe alishindwa mbio 17 za mwanzo.

Kwato_Nne: Shikamoo mzee. Na Dream Horse je?

Mzee wa Hatamu: Marahaba. Hiyo sijaitazama.

Mruka Viunzi: Mimi nimeitazama. Hiyo ni ya wamiliki. Wanakijiji wa Wales wanachanga pauni 10 kwa wiki kumlea Dream Alliance. Anaumia kano ya mguu, anatibiwa kwa seli shina, kisha anashinda Welsh Grand National ya 2009, mbio za kuruka viunzi. Kwangu uzito uko kwenye uamuzi wa kumrudisha uwanjani. Kila kiunzi baada ya hapo unakitazama mguu ule tu. Kama kati yenu kuna aliyewahi kuwa na hisa hata ndogo ya farasi, mwekeeni hii.

Kwato_Nne: Yupo mmoja. Basi tunaanza na Dream Horse kwa ajili yake, Seabiscuit inafuata usiku huohuo. Ya Michelle tunaipangia siku yake.